Riwaya za waasi zikifika kwenye sinema

Filamu ya Miloš Forman ya mwaka 1975, One Flew Over the Cuckoo's Nest, ilizoa tuzo tano kubwa za Oscar, lakini Ken Kesey, aliyeandika riwaya yake mwaka 1962, aligombana na watayarishaji hadi wakafikishana mahakamani. Moja ya sababu ni msimulizi. Kitabuni, hospitali ya magonjwa ya akili tunaiona kwa macho ya Chief Bromden, mtu mwenye asili ya Wahindi wa Marekani anayejifanya kiziwi na bubu. Anapiga deki huku akiona ukungu ukimwagwa wodini na mitambo ambayo wengine hawaioni. Kwenye filamu Bromden ni jitu lililonyamaza kando ya ukuta, na sisi tunamtazama Jack Nicholson, anayeigiza mgonjwa mkorofi.

Malalamiko ya Kesey si ya mtu mwenye kinyongo tu. Ukungu ule ndio uliobeba hoja ya kitabu: aliyeonekana kichaa ndiye aliyeielewa dola. Ukiuondoa, inabaki hadithi nzuri ya mgonjwa mkorofi na nesi mkali. Hata hivyo, sidhani kama kamera ingeweza kukaa saa mbili ndani ya kichwa cha Bromden bila kuwachosha watu.

Mwongozaji David Cronenberg alikabili tatizo hilohilo mwaka 1991 kwa njia nyingine. Riwaya aliyoifanyia filamu, Naked Lunch ya William Burroughs, iliyochapishwa Paris mwaka 1959, haina kisa cha kufuatwa. Ni vipande vipande vya njozi na matusi ya makusudi. Basi Cronenberg hakuifuata. Alichukua maisha ya mwandishi mwenyewe, ikiwemo kazi yake ya zamani ya kuua wadudu majumbani, akayachanganya na njozi za kitabu. Taipureta inageuka mdudu, inaongea, inampa mwandishi amri. Kwa maoni yangu filamu iliyokiacha kitabu kiasi hicho ndiyo iliyokisogelea zaidi.

Lakini tusikimbilie kusema kila mwongozaji abadilishe apendavyo. Mwaka 1960 kampuni ya MGM ilitoa The Subterraneans, kutokana na riwaya ya Jack Kerouac kuhusu mapenzi ya mzungu na Mardou Fox, mwanamke mweusi. Kwenye filamu Mardou akawa mzungu, akaigizwa na Leslie Caron, Mfaransa. Hayo nayo ni mabadiliko, ila hayana uhusiano wowote na mahitaji ya kamera. Kilichofutwa ndicho ambacho kingewatia hofu wenye kumbi na wenye fedha. Cronenberg alibadilisha umbo ili ukali ubaki. MGM waliuondoa ukali wakabaki na jina.

Na Cronenberg naye ana deni. Septemba 1951, huko Mexico City, Burroughs alimuua mkewe, Joan Vollmer, kwa risasi; inasimuliwa kwamba walikuwa wakicheza mchezo wa kulenga glasi kichwani. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba bila kifo hicho asingekuwa mwandishi. Filamu inalipokea dai hilo bila kulihoji. Judy Davis anaigiza wanawake wawili, wote wakiitwa Joan, wote wanapigwa risasi, na wa pili anauawa ili mwandishi athibitishe kwamba anaandika. Hapo maisha yameliwa na hadithi, na ni vigumu kusema kama huo ni ujasiri au ni kumbembeleza Burroughs.

On the Road ya Walter Salles, mwaka 2012, haikumkera mtu. Mandhari ni mazuri, magari ni ya enzi ile, vijana wanapendeza. Kerouac, mwandishi wa riwaya yake, aliipiga chapa rasimu ya mwaka 1951 kwa wiki tatu, kwenye karatasi ndefu iliyoungwa isikatike, sentensi zikikimbizana bila kupumua. Salles amezitandaza polepole, kwa heshima, kama mtu anayeogopa kuvunja chombo cha wageni. Nikiambiwa nichague, nitarudia ile ya mdudu anayeongea, pamoja na deni lake.