Jicho kwa Kata ya Maji

Trym. Ndivyo mama mkwe alivyoandika leo asubuhi, neno moja tu na kikopa chekundu pembeni. Trym! Jitu la hadithi za kale za huku, lililomwibia mungu Thor nyundo, likadai lipewe mke ndipo liirudishe, likauawa kwa nyundo hiyohiyo siku ya harusi yake. Majina yote yaliyojaa Norway, mwanangu ndiye apewe la mwizi.

Na siwezi kumjibu. Hapa Bergen mama mkwe anaitwa kwa jina lake la kwanza, utadhani mlikaa dawati moja, lakini mimi nimelelewa Tanga, na mkwe ni mkwe. Nimemrudishia kikopa. Sasa anajua nimekubali.

Wenye watoto wachanga ugenini mnajua, sina haja ya kueleza. Usingizi hakuna. Mchana mtoto analazwa nje kwenye kigari, baridi inauma, eti apate hewa, na wewe unashinda dirishani kuangalia kama anapumua. Mvua ya hapa siisemi. Juu ya hayo watu wa kodi, maana huku jina la mtoto unawapelekea wao, wanalitaka kabla hajatimiza miezi 6, na muda unayoyoma. Kwa muuguzi bado anaitwa "kijana mdogo".

Mke wangu anataka Balder, mungu mwingine wa kale, kwa sababu alikuwa mzuri. Mzuri, ndiyo. Mama yake, Frigg, aliapisha moto, maji, chuma, mawe na magonjwa visimguse, akakiacha kijimea kimoja akikiona kichanga mno kuapa. Kikamuua.

Nikampigia mama nipate nguvu. Mama akishika simu ya video unachoona ni nusu ya paji la uso na pangaboi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mjukuu wangu anaitwa nani?"

Nikasema tunachagua, kuna Odin.

"Ndiyo nani huyo?"

"Mkubwa wa miungu yao ya kale."

"Miungu! Astaghfirullah!"

"Ya kale, mama. Siku hizi ni jina tu, chekechea ukiita Odin kinageuka kikosi kizima."

"Mzima lakini?"

"Ana chongo."

Shangazi, ambaye sikujua kama yupo, akadakia kutoka jikoni: "La kuzaliwa?"

"Alilitoa mwenyewe. Alitaka kunywa kwenye kisima cha Mimir, ukinywa unapata hekima. Bei yake jicho."

"Jicho kwa kata ya maji!" Mama akainuka, pangaboi likatoweka. "Huku mabomba yakikauka tunanunua dumu. Sijaona mtu kutoa jicho."

Nikamkimbilia Tyr, shujaa, ila mkono mmoja hana. Miungu walitaka kumfunga mbwamwitu Fenrir, akasema hafungwi mpaka mmoja wao amwekee mkono kinywani kama dhamana. Tyr akaweka. Fenrir akafungwa, akashindwa kujifungua, akaung'ata.

"Dhamana!" Shangazi huyo kashafika kwenye simu. "Si ndiyo ya mjomba wako kwenye vikoba?"

"Mwache kaka yangu," mama akasema.

"Nimemtaja jina?"

Nikaona niingie kwa Thor kabla mawifi hawajafika mbali. Huyo hana kilema. Alipoibiwa nyundo alivishwa shela na shanga, akapelekwa kwa Trym kama bibi harusi. Kusikia harusi wakatulia wote wawili. Pale karamuni akala ng'ombe mzima na samaki wanane, akashushia na mapipa matatu ya pombe.

"Bibi harusi kala ng'ombe mzima," mama akasema polepole, "na ukumbi unamtazama tu?"

"Loki, mwenzake mwenye hila, alikuwa pembeni, kavaa kama mjakazi wake. Akawaambia biharusi hajala siku nane kwa hamu ya kuolewa."

Shangazi akapiga vigelegele. "Huyo ndiye kungwi! Mtoto aitwe Loki!"

Sasa ningenyamaza? Nikawaambia kwamba Loki huyohuyo alijigeuza farasi jike, akashika mimba, akazaa farasi wa miguu minane, ndiye Odin anampanda.

"Nani kazaa?"

"Loki."

"Si mwanamume?"

"Ndiyo, mama."

Simu ikakatika. Mtandao ulikuwa mzuri.

Baadaye ukaingia ujumbe wa sauti: jina ni Athumani, la babu yake, na mbuzi wawili wa akika wameshafungwa uani. Mke wangu anasema Athumani ni zuri, liwe la kati. Mama mkwe kauliza Athumani alikuwa mungu wa nini. Fundi baiskeli, nikamjibu kwa adabu zote, Ngamiani, Tanga.

Hata Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeziandika nyingi za hadithi hizi, hazikumwacha salama: alivamiwa usiku kwake Reykholt mwaka 1241, akauawa chumba cha chini. Na mimi mnanitaka nini? Mtoto hajakaza shingo mnamgawia chongo, mkono mmoja na wizi wa nyundo! Niacheni nilale!

Mlango ukagongwa. Jirani wa chini. Nikadhani kaja kumwona mtoto, kumbe zamu ya kuosha ngazi ni yetu wiki hii na kibao kinaning'inia mlangoni tangu Jumatatu. Ngazi zenyewe kazichafua mbwa wake, linyama lenye manyoya mpaka machoni, limetoka mvuani likajikung'uta tope hadi ghorofa ya pili. Linaitwa Thor. Nikauliza, kwa heshima, kama Thor naye ana zamu yake. Hakucheka. Na dekio halina mpini. Waliokuwa nalo wiki iliyopita ni wale wanafunzi wa juu, nao ukiwauliza watasema walilikuta hivyohivyo, kama walivyosema kwenye koleo la theluji, ambalo hadi leo hii mimi ndiye ninayedaiwa.