Ubwiriunga hauanzi na ua

Mwandishi mmoja amesema mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi akikosa salfa, ile dawa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho), hana pa kukimbilia. Si kweli, hasa kwa mikorosho michanga.

Ubwiriunga huishi kwenye tishu hai na laini tu. Msimu wa maua ukiisha, hujificha kwenye maotea, yale machipukizi yanayochomoza ndani ya mwamvuli wa matawi, kivulini. Geuza jani lake jekundu-jekundu uone unga mweupe, kama lililopakwa majivu. Upepo ukivuma mwezi Juni, unga huo ndio unaopanda juu kwenye vikonyo vya maua. Kwa hiyo maotea yatolewe Aprili hadi Mei, kabla majani mapya hayajatoka. Kata kwa mkasi au msumeno, sawasawa na tawi. Ukiacha kisiki, huchipua vitano badala ya kimoja, na kazi yote imepotea. Jirani naye afanye, maana upepo haujui mpaka.

Kwa miche ya kubebesha (iliyounganishwa), ondoa kila chipukizi chini ya kiungio, na nafasi iwe mita 12 kwa 12, yaani miti 28 hivi kwa ekari. Miche yenyewe itokane na koo (aina) stahimilivu za Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho huko Mtwara.

Badala ya salfa, maziwa sehemu 1 kwa maji 9 yanatumika kunyunyizia ubwiriunga wa mizabibu, lakini lazima yaguse kila jani na yapigwe na jua. Mkorosho uliofunga mwamvuli hauruhusu hilo. Hapo mkasi kwanza, jamani.