Ushampa Ndege Chakula?

Mjomba alikwenda Muscat kumwona binti yake aliyejifungua, akaniachia kasuku. Wiki tano. Sikuombwa. Nyumba nzima ni mimi tu nisiye na kazi ya kunitoa asubuhi, na kwetu Mombasa mtu wa namna hiyo hutupiwa kila kitu: kungoja fundi wa bomba, kubeba mtungi wa gesi, na sasa ndege.

Mwenyewe ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, asili yake misitu ya Kongo. Ana kibali cha wanyamapori, Mjomba amekitia fremu. Vyeti vyangu mimi viko kwenye bahasha chini ya godoro.

Maagizo yalikuja kwa sauti ya WhatsApp, dakika kumi na moja. Milo miwili, basi. Saa moja asubuhi sukuma wiki iliyokatwakatwa, karoti, pilipili hoho, kipande cha boga. Ikifika saa tatu uondoe kilichobaki, maana joto letu hili halingoji. Saa kumi na moja jioni zile tembe zake za chakula za dukani, vijiko viwili. Alizeti ni zawadi, punje tatu au nne, kwa sababu zina mafuta mengi na akizinogewa hatazami kitu kingine. Parachichi asionjeshwe kabisa, ni sumu kwake. Chokoleti na kahawa vilevile. "Na bakuli usilitazame kwa juu," akamalizia, "lipulize. Yeye hubangua punje akarudisha maganda mlemle. Utaona limejaa, kumbe ndege ana njaa."

Siku nne za mwanzo nilikuwa mtu wa kupigiwa mfano. Nilipima kwa kijiko, nilipuliza bakuli mpaka maganda yakaniingia machoni. Mama naye, ambaye ndugu yake akimwachia amana halali usingizi, alikuwa akipita kila asubuhi na kila jioni: "We! Ushampa ndege chakula?"

Siku ya tano akauliza mara tatu. Ya sita, mara tano. Mimi niko chumbani na kompyuta yangu naandika barua za kuomba kazi, sauti inatoka sebuleni: "We! Ushampa ndege chakula?" Nikawaza, Mama umri unakwenda, anasahau. Na kwetu mzazi haambiwi kwamba anasahau. Unainuka, unampa ndege, unarudi kukaa. Kwa uvivu wa kukatakata sukuma nikawa nachota alizeti tu. Mkebe uliokusudiwa wiki tano ukaisha siku ya kumi na nne, nikaenda kununua mwingine kwa pesa zangu.

Na Mama akifika akinikuta nimesimama kwenye tundu kila wakati, anampigia simu Mjomba: "Huyu mtoto ana huruma na ndege wako, sijaona!"

Siku ya kumi na saba nilikuwa kibarazani. Mama yuko langoni na mchuuzi wa samaki. Ameshika changu, amemfunua mashavu kwa kidole gumba, anamwambia yule kijana kwamba samaki huyu ni wa juzi na yeye si mgeni mji huu. Namwona kwa macho yangu. Mdomo wake unasema mambo ya samaki.

Nyuma yangu, sebuleni: "We! Ushampa ndege chakula?"

Nikaitika, "Naam, Mama!" Nikainuka kabisa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo akili iliponirudia.

Nikaingia taratibu. Yuko juu ya kijiti chake, amenikazia jicho moja, kichwa upande. Akaurudia wimbo uleule, na mwisho akatia hata kile kikohozi cha Mama.

Dada yangu ana mizani ya kupimia unga wa keki. Niliweka punje moja juu yake, bwana akapanda bila kusukumwa. Mjomba alikuwa ameandika 455 kwenye karatasi iliyobandikwa tunduni. Mizani ikasema gramu 521. Nikapiga hesabu: ni kama mimi niongeze kilo kumi kwa wiki mbili na ushei.

Nikampigia daktari wa mifugo. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Ndege wa tunduni haruki kwenda popote, akasema, mafuta hayo mwisho wake ni kwenye ini. Nisimkatie ghafla, nimrudishe kwenye milo miwili, alizeti ziondoke, nimpime kila asubuhi kabla hajala, na chakula nikifunge ndani ya maganda ya mahindi akitolee jasho.

Kwa hiyo wiki mbili na nusu zilizobaki tulikuwa vitani. Yeye anauliza kwa sauti ya Mama, mimi najibu kutoka chumbani bila kuinuka: "Nshampa!" Anauliza. "Nshampa!" Mara nane, mara kumi kwa siku. Mama wa kweli akiuliza naye anajibiwa hivyohivyo, mara moja akanifuata na mwiko.

Mjomba alirudi, akamkuta ndege na gramu 463, akanipa kanzu ya Oman na dua nyingi. Sikusema kitu.

Wiki iliyofuata, baada ya Isha, simu ikalia.

"We uko wapi?" Mjomba akaniuliza. "Ubwabwa unapoa."

"Ubwabwa gani, Mjomba?"

"Si uko hapa kwetu tangu alasiri? Namuuliza mkaza mjomba wako, ushampa ndege chakula, wewe unajibu kutoka sebuleni. Tukasema alhamdulillahi, mtoto amekuja kutuamkia, tukaongeza mchele. Jana vilevile umejibu, hukuja kula."

Nyuma yake nikasikia bakuli la bati likigongwagongwa kwenye vyuma vya tundu, mlio wa bakuli lisilo na kitu. Halafu nikajisikia mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusumbuliwa:

"Nshampa!"