Sentensi Kumi za Uchovu

Juzi nimerudi saa mbili usiku, mgongo si wangu, kiuno kama cha kuazima. Bajaji nimeegesha, kiatu kimoja nimevua, cha pili nikaona kitajivua chenyewe kikipenda. Ndio kwanza nalipata kochi, binti yangu huyo na daftari. Yuko kidato cha kwanza. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, sasa mpaka minyoo anafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nyumba nzima tumeingia kidato cha kwanza.

"Shikamoo baba, pole na kazi. Mwalimu kasema tutunge sentensi kumi kwa neno tired."

Linaandikwa hivyo, ila kwa masikio yangu ni tayadi. Nikauliza ndiyo nini.

"Kuchoka, baba."

Nikajiinua kidogo. Shule sikufika nayo mbali, lakini kwenye mada hiyo mimi ni profesa.

"Andika: ai hev tayadi."

"Si hev, baba. Ni ai emu."

Ugomvi ukaanzia hapo. Enzi zetu mwalimu alitukaririsha kwa fimbo: nimekula, ai hev, nimeandika, ai hev, nimeona, ai hev. Sasa nimechoka imekosa nini mpaka inyang'anywe haki yake? Binti ananieleza kwamba kwa wenzetu kuchoka ni sifa ya mtu, kama urefu au unene. Kwa maana hiyo ukiigeuza kama ilivyo, Mzungu anasema "mimi ni mchovu".

Jamani! Huku kwetu ukimwita mtu mchovu umemtukana. Mchovu hana hela, hana mvuto, na shati lake ni lile lile tulilomwona nalo Idi iliyopita. Mimi nimechoka, uchovu umenikuta barabarani tu, na nikipata usingizi utanishuka. Mchovu ni nani hapa?

Binti kaandika ai emu. Ya kwanza hiyo.

"Ya pili andika bajaji ya baba imechoka."

"Baba, chombo hakichoki. Kinachochoka ni kiumbe hai."

Nikamwambia aandike hivyo hivyo, mwenye chombo ndiye anayejua. Kwetu sisi kila kitu huchoka. Kochi hili nililokalia limechoka, spring zake zinanisalimia moja moja. Pazia limechoka. Mfuko huchoka kabla mwezi haujafika tarehe kumi. Tairi langu la nyuma limechoka mpaka limekuwa kipara. Binti akacheka, akafungua kamusi, akanionyesha kuwa Wamarekani tairi wanaliandika tire. Sasa mwananchi unielewe: tire ni tairi, tired ni uchovu, katikati imesimama herufi moja. Halafu mtu aniambie tairi halichoki!

Mke wangu akadakia toka jikoni: "Mwambie aandike nimekuchoka."

Hapo Kiswahili kinatisha. Ukisema nimechoka, unapashiwa maji ya kuoga. Ukichomeka hako ka-ku, wanaitwa wazee wa pande zote mbili. Binti akasema Kiingereza huweka neno "ofu" mbele, tayadi ofu, kisha unamtaja unayemchoka. "Basi taja," mama yake akajibu, "jina la baba yako si unalijua?" Hiyo nikaamuru ifutwe.

Wakati huo jirani yetu amekaa mlangoni tangu alasiri anatazama vichekesho kwenye simu ya mke wangu, kwa bando langu. Kila kikimkolea anapiga paja: "Nimechoka mie!" Umechoka nini wewe, ambaye hata kikombe ulichonywea chai hujakirudisha jikoni? Binti akauliza kama na hiyo nayo ni tayadi. Nikamwambia huyo muache.

Nikataka kumpa sentensi zenye uzito: nimechoka hoi, nimechoka hoi bin taabani, nimechoka nyang'anyang'a. Akaniandikia zote veri tayadi. Nikaona kama nimepeleka gunia la mchele sokoni nikarudishiwa kibaba.

Na hili neno lina kisa na mimi. Kuna siku, saa nane mchana, jua la Dar limekaa utosini, nimejinyoosha ndani ya bajaji pale Mwenge. Akaja mgeni mmoja na mabegi mawili, ameshajifunza vijineno vyetu. Akaniuliza, "Tayari?" Mimi sikio likasikia tayadi. Nikasema moyoni, angalau kapatikana binadamu mwenye huruma. Nikamjibu kwa majonzi, "Yesi, veri tayadi." Naye kasikia veri tayari! Akatupa mabegi nyuma, akakaa, akasema Bunju. Mtu ninalia uchovu, ndio kwanza ananipeleka Bunju.

Sentensi ya tisa ilimhusu mzee wa nyumba ya tatu, mstaafu. Binti akasema mstaafu ni ritayadi, na hiyo "ri" ya mbele Kiingereza huwa ni kurudia. Nikamwelewa mara moja: mzee kachoka upya. Yeye alikuwa mtumishi wa serikali, angeweza kuondoka kwa hiari akiwa na miaka 55, akangoja 60 ya lazima. Sasa anachokea kufuatilia makaratasi. Na sisi wa bajaji tunaritayadi lini? Chombo kikifa, au sisi, atakayetangulia. Binti akasema ritayadi ni neno jingine, haliingii kwenye hesabu. Mimi nikaliingiza.

Ya kumi sikuisikia. Nasikia nilikoromea katikati ya maelezo, na kiatu kimoja mguuni.

Jana daftari limerudi. Nane zimepata. Ya tisa ina alama ya kuuliza. Ya pili ina mkasi mwekundu mkubwa, na mwalimu kaandika pembeni kwamba mashine haiwezi kuchoka.

Leo alfajiri nimeivuta bajaji mara kumi na moja. Imekohoa, imetikisika, ikanyamaza. Nimemwita binti na begi lake, nikamwambia leo twende wote. Yeye asukume nyuma, mimi nishike usukani, na tusisimame popote mpaka mlangoni kwa mwalimu.