Kurudiana Kila Wiki Si Kupendana Sana

Kila chuo kina wapenzi wake wa aina hii. Ijumaa wameachana, na wote wenye namba zao wanajua, maana picha zimefutwa na mafumbo yamejaa kwenye status. Jumatatu wanaingia darasani wameshikana mikono. Kijana ni mkimya, mtu wa vitabu, saa nne usiku ameshalala. Binti ni mtu wa watu, sherehe hazimpiti, na saa hiyo yeye ndiyo kwanza anatoka. Wanaowatazama husema hawa hawaendani, kisha huongeza kwa kustaajabu: ila wanapendana kweli kweli.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoniumiza. Tumewazoesha vijana kuamini kwamba penzi lisilo na machozi halina uzito, kwamba anayekuliza ndiye anayekupenda, na kwamba wanaoachana na kurudiana mara nyingi ndio walioumbiwa pamoja. Mimi naona mara nyingi kinachowarudisha ni utamu wa kupatana tu, na utamu huo unaweza kuwepo hata pale mapenzi yalipokwisha zamani.

Mwaka 1957 wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya majaribio yao marefu, mengi yakiwa ya njiwa. Utafiti wa namna hiyo umeonyesha kwamba njiwa anayepata punje kwa nyakati asizoweza kuzibashiri huendelea kudonoa kwa muda mrefu hata punje zikikatika, kuliko yule aliyezoea kupewa kila mara. Mwanadamu si njiwa, najua. Lakini niliwahi kuishi chumba kimoja na mtu aliyekuwa kwenye uhusiano wa namna hii. Akisoma, simu alikuwa anailaza kifudifudi juu ya daftari. Anaigeuza, anaifunika, anaandika mstari mmoja wa somo, anaigeuza tena. Siku ujumbe ulipoingia, neno moja tu, "Umekula?", uso wake wote ulichangamka na siku zote za kununiwa zikafutika palepale. Hakuombwa radhi wala hakuelezwa kosa lake. Neno lile lilitosha kwa sababu alikuwa amelikosa.

Hofu nayo ina mchango wake. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha utafiti uliofanyika eneo la Vancouver, Kanada. Wanaume waliohojiwa na msichana kwenye daraja linaloning'inia na kuyumba juu ya korongo walimpigia simu baadaye kwa wingi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara la chini. Maelezo ya watafiti ni kwamba moyo unaodunda kwa hofu, mwenyewe anaweza kudhani unadunda kwa kuvutiwa. Sasa fikiria mtu anayeishi muhula mzima akihofia kuachwa. Moyo wake hautulii, na ni rahisi mno akaiita hali hiyo mapenzi.

Turudi kwenye kutoendana. Watu hukimbilia kutaja mambo ya nje: huyu anapenda muziki, yule anapenda kulala, huyu analipiwa kila kitu na wazazi, yule anafanya kazi usiku ili apate ada. Hayo yanazungumzika, hata hilo la pesa, wakiwa na staha. Mmoja aende sherehe, mwingine abaki bila kuitwa mtu wa hovyo, na maisha yanaendelea. Tofauti inayowavunja watu ni ya jinsi kila mmoja anavyofanya akiogopa.

Wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver waliliandika hili mwaka 1987, wakijengea juu ya kazi za John Bowlby na Mary Ainsworth kuhusu watoto na walezi wao. Katika mapenzi wapo wanaotulia, wapo wanaong'ang'ania kwa hofu ya kuachwa, na wapo wanaojitenga mtu anapowakaribia mno. Waweke hao wawili wa mwisho pamoja uone. Ugomvi ukitokea, mmoja anataka yaishe usiku uleule. Anapiga simu, anapiga tena, anatuma ujumbe mrefu, anaanza kuuliza kwa marafiki. Mwenzake kila akipigiwa anazidi kujisikia kubanwa, mwishowe anazima simu. Simu kuzimwa kunamthibitishia yule wa kwanza kwamba anaachwa, basi anakwenda kugonga mlango. Kugongewa mlango kunamthibitishia wa pili kwamba hana pa kupumulia. Kila mmoja anajitibu kwa kitu kilekile kinachomuumiza mwenzake, na ukiwasikiliza mmoja mmoja, wote wawili utaona wameonewa.

Halafu ni vijana bado. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipendekeza umri wa miaka 18 hadi 25 utazamwe kama hatua ya pekee, hatua ya mtu kujitafuta. Watu hubadili kozi, marafiki, hata msimamo wa imani. Walioendana mwaka wa kwanza wanaweza kuwa wageni mwaka wa tatu bila yeyote kukosea, na kuachana kwa sababu hiyo hakustahili kuitwa usaliti.

Ningeambiwa nichague dalili moja tu ya kuangalia, ningechagua dharau. John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, aliiweka mbele ya dalili nyingine zote za ndoa inayoelekea kuvunjika. Kelele hazinitishi kama ninavyotishwa na mtu anayebetua midomo mwenzake anapozungumza mbele za watu, anayemwigiza lafudhi yake, anayemwita mshamba kisha anasema zilikuwa hasira. Hasira zinapoa. Aliyekwisha kuonwa si kitu hatarudishiwa thamani yake kwa maua na picha mpya ya wawili kwenye status.

Marafiki nao hujikuta katikati. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Usiku unamtukana mpenzi wa rafiki yako, asubuhi wamepatana na wewe ndiye adui. Naikubali methali hiyo kwa ugomvi wa kawaida. Siikubali inapotumiwa kunyamazia mambo mengine: kudai nywila ya simu, kumkataza mtu marafiki zake, kumhoji kila saa yuko wapi na nani, kumpiga hata kofi moja. Hapo habari ya kutoendana imekwisha, mtu anatawaliwa. Na anayetishia kujiua akiachwa anahitaji msaada wa wataalamu haraka. Si haki mpenzi wake mwenye umri wa miaka 20 aachiwe peke yake kazi ya kukesha akimlinda.

Mwambie rafiki yako ulichokiona, mkiwa wawili, bila kumsema. Msindikize kwa mshauri wa wanafunzi akikubali. Akirudiana na huyo mtu, kama wengi wanavyorudiana, usimsute wala usimkatie mawasiliano, kwa maana anayemtawala ndicho anachokitaka, abaki hana mwingine wa kumpigia.