Ukumbi Haukuungua: Habari Kamili ya Mishumaa ya Sendofu ya Wifi

Ukumbi haukuungua. Naanza na hilo kwa sababu tangu Jumapili asubuhi shoga yangu Mama Rehema amezunguka Nyakato nzima, huku kwetu Mwanza, akisema ukumbi wa sendofu ya wifi uliungua kwa mishumaa yangu, na kufikia jana jioni habari ilikuwa imefika Igoma na kurudi ikiwa na magari mawili ya zimamoto ndani yake. Hakukuwa na zimamoto. Kulikuwa na mfuniko wa sufuria ya pilau. Tutafika.

Mliokuwepo, nyamazeni nisimulie. Ninyi mlioletewa ile video, inayoanzia pale baba mdogo anaposimama, jueni imekatwa mwanzo, na mwanzo ndio unaonitetea. Kidogo.

Mnajua nimekuwa nikitengeneza mishumaa tangu Pasaka. (Mmenunua watu watatu. Wawili ni dada zangu.) Kosa ni la zile video: mama amevaa aproni nyeupe pee, anamimina nta ya soya kwenye glasi, paka kalala dirishani, hakuna mtoto anayelilia uji. Nikaulizia nta ya soya. Nilipotajiwa bei nikasema "asante, nitarudi," na nadhani wananisubiri hadi leo. Mjomba wangu wa Tabora, mtu wa mizinga, akanionea huruma akanitumia ndoo ya nta ya nyuki kwa basi. Nikajiona mwenye kiwanda.

Sasa utambi. Mimi nilidhani utambi ni uzi tu, uzi si uzi? Jaribio la kwanza nikaweka uzi wa nailoni. Ukawaka sekunde tatu, ukajikunja, ukawa kishanga cheusi, ukazima. Nailoni inayeyuka, hainyonyi nta, kwa hiyo moto haupati cha kula. Nikahamia uzi wa pamba wa kufumia vitambaa. Huo ukawaka vizuri, kamoto kadogo kanapendeza, ila baada ya nusu saa kalikuwa kamechimba shimo katikati ya mshumaa, kakazama humo, kakafa. Pembeni nta nzima haijaguswa. Baba Kulwa akachungulia.

"Mama Kulwa, huu ni mshumaa au mnachimba kisima?"

Nikasoma, nikauliza watu, nikaelewa. Nta ya nyuki ni ngumu. Inangoja hadi nyuzi joto 62 au zaidi ndipo iyeyuke, na hata ikiyeyuka bado ni nzito, inapanda kwenye uzi kwa kujivuta. Utambi mwembamba unakufa njaa huku umekalia chakula. Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: NTA YA NYUKI, UTAMBI MNENE. Nikapiga mistari miwili. Shikeni hiyo sentensi. Mimi niliishika kuliko ilivyostahili.

Utambi mnene nikaufuata Makoroboi. Mtaa una jina la taa, mlitaka niende wapi? Nikanunua tambi za jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, pamba tupu. Nikachambua kila mmoja, nikaugawa mara mbili, nikausuka upya, nikauchovya kwenye nta hadi ukasimama wima kama askari wa gwaride. Mshumaa wa majaribio uliwaka kwa muda wa saa nne. Haukuzama, haukutoa moshi, sebule ikanukia asali. Nikapiga picha nikawawekea hapa, mkanijazia makopakopa. Na wifi yangu akaweka kopa. Kisha akapiga simu.

"Wifi yangu kipenzi, sendofu yangu nataka mishumaa yako. 30. Kila meza mmoja, na meza kuu sita."

Miaka minane nimeolewa ukoo ule, wifi hajawahi kuniita kipenzi. Ningesema nini?

Nta ya nyuki ikaishia mshumaa wa 11. Nikampigia mjomba, simu haipatikani, yuko porini na nyuki wake. Hiyo ni Ijumaa jioni, shughuli ni Jumamosi. Nikatuma mtoto dukani alete mishumaa ya kawaida, ile myeupe ya umeme ukikatika, katoni nzima. Nikaikatakata, nikachomoa tambi zake nikazitupa. Vile vijitambi vyembamba. Nilivitupa kwa dharau kabisa, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Nyie, ule ndio ulikuwa utambi wake! Aliyetengeneza mshumaa ule alishapiga hesabu: parafini, yaani nta ya mishumaa hiyo ya dukani, inayeyuka mapema kuliko nta ya nyuki, ikiyeyuka ni nyepesi, inapanda mbio, inataka kauzi tu. Hesabu yake yote nikaimwaga kwenye ndoo ya taka, nikafungua daftari langu. Utambi mnene.

Na ni saa saba usiku. Kuchambua na kusuka tambi 19 nani ana vidole? Nikaziweka nzima nzima. Utambi wa jiko la mchina, ambao kazi yake duniani ni kuchemsha maharage, nikausimamisha kwenye glasi ya juisi iliyojaa parafini. Juu nikaacha urefu wa vidole viwili kwa sababu ulipendeza, wakati unatakiwa kukatwa ubaki kama nusu sentimita. Halafu wifi alitaka harufu, nikamimina arki ya vanila ya keki. Arki haichanganyiki na nta. Ilishuka chini ikakaa kama matone ya machozi, nikajiambia itajipanga yenyewe. Na sufuria ya awamu ile ya mwisho ilikuwa ya kukaangia dagaa. Niliiosha. Nilidhani niliiosha.

Mafundi mnaoandika "si ungewasha mmoja kwanza uone?", nimewasoma wote. Saa saba usiku, nimesema.

Kwa kuwa ile myeupe ilionekana ya kisasa zaidi, hiyo ndiyo nikaipeleka meza kuu na meza za mbele. Ya nta ya nyuki, mizuri, yenye akili, nikaitupa nyuma kwa akina sisi.

Haya. Ukumbi upo huku kwetu, siutaji. Watu wamejaa, maputo juu, vitambaa vya dhahabu, ndafu kalala mezani na jani la kotimiri mdomoni. MC akasema, "Naomba taa zizimwe, tumwangazie binti yetu." Taa zikazimwa, wahudumu wakapita na viberiti, na ukutani zikaanza kuonyeshwa picha za wifi tangu utotoni.

Dakika tano za kwanza hakukuwa na mwanamke maarufu kuliko mimi Kanda ya Ziwa. Mishumaa iliwaka! Nyuso zote zinaonekana, ndafu anaonekana hadi meno. Mama mmoja meza ya jirani akasema, "Hii mtu akiwa Ukerewe anaiona." Nikakaa vizuri. Nikarekebisha na kilemba. Mama Rehema akanifinya paja. "Shoga, mbona moto umefika shingoni kwa maua?" Nikamwambia ndiyo mtindo.

Picha zikaendelea. Wifi chekechea. Wifi kipaimara. Kwenye mwanga wa ile projekta nikaanza kuona nyuzinyuzi nyeusi zinapanda, taratibu, zinapita usoni kwa wifi wa darasa la kwanza. Kisha vidude vyepesi vikaanza kuelea na kushuka. Mnawajua wale wadudu wa ziwani, wanaosimama juu ya maji kama moshi? Basi mzee mmoja akapunga mkono mbele ya uso akasema, "Leo wadudu wameingia hadi ndani." Nami, Mungu anisamehe, nikajibu kwa sauti, "Msimu huu wamezidi, baba."

Nilikuwa nimeshajua. Niliziona zile tambi za meza kuu kwa mbali, kila moja imeota kichwa chekundu kama uyoga, na masizi yanatoka pale kama bomba la lori. Na harufu imeshatufikia. Vanila haikuwepo. Mtu nyuma yangu akauliza, "Wameanza kugawa chakula? Nasikia dagaa."

Halafu nikasikia *tik*.

Glasi ya mbele ya mama mkwe. Moto ulikuwa umelalia upande mmoja unailamba, na glasi ya juisi haikuumbwa kwa mateso yale. Ikapasuka kwa adabu, mstari mmoja. Nta ikachungulia. Ikatoka. Ikatambaa kwenye kitambaa cheupe, bila haraka, kama mgeni anayejua nyumba, na moto ukaifuata nyuma. Mama mkwe akautazama. Kisha akainua uso, na katika giza lile, watu zaidi ya mia mbili, meza sita katikati yetu, akanipata mimi. Machoni.

Baba mdogo akasimama na chupa ya maji.

Sasa lile daftari langu, ukurasa wa pili, lina sentensi nyingine: MOTO WA NTA HAUZIMWI KWA MAJI. Maji yanazama chini ya nta, yanachemka papo hapo, yanairusha nta juu ikiwa inawaka. Niliiandika mwenyewe. Nikasimama nimwambie. Kinywa changu kikasema "Baba md", na nikaona kizibo kinafunguka. Nikaona anainua mkono. Nikaona maji yanatoka mdomoni mwa chupa, yanameta, mazuri, yanakwenda zake. Nilipata hadi nafasi ya kufikiria mahari ya ng'ombe niliyolipiwa, na kama inarudishwaga.

*Hwaaa!*

Moto ulipanda ukagusa maputo. Pa! Pa! Papapapa! Lile la tatu halijapasuka MC alishafika chini ya meza ya keki, akiwa na maiki, na maiki iko wazi, kwa hiyo ukumbi mzima ulimsikia akisali kwenye spika nne. Watu wakalala. Shangazi yetu wa Magu, ambaye asubuhi alisema magoti hayakunji, alikunja.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa jikoni. Alitoka na mfuniko wa sufuria ya pilau, wa ile ya kilo 20, akatembea, hakukimbia, akaufunika ule moto kama anafunika wali. Kimya. Akazunguka na mishumaa mingine ya mbele, anaifunika mmoja mmoja, huku anasonya. Wabeja sana mayu, asante sana mama, popote ulipo.

Kisha mtu akawasha taa.

Wa kwanza kucheka walikuwa upande wa bwana harusi. Walikuwa wanatunyooshea vidole. Sisi nasi tukaanza kuwacheka wao. Ilichukua muda kuelewa kwamba tunachekana kitu kimoja: kila mtu alikuwa na pua nyeusi. Matundu mawili kama ya jiko la mkaa, na juu ya mdomo mstari, kina mama wote wana masharubu. Pedeshee mmoja wa suti ya krimu alikuwa anamcheka mkewe hadi anajipiga mapaja, na kila akijipiga masizi yanaruka. Ndafu alionekana amerudishwa motoni mara ya pili. Wifi, na vipodozi vya laki na ushee, alikuwa kama ametoka kuvuna mkaa.

Mama mkwe akatoa leso nyeupe. Akajifuta pua. Akaitazama ile leso. Akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pochi, akafunga zipu. Hakusema neno, na leso ile bado anayo, nimeulizia.

Yaliyofuata ni mafupi. Hakuna aliyeungua, isipokuwa vinyweleo vya mkono wa baba mdogo. Kitambaa nimelipa, maputo nimelipa, dobi wa gauni la mama mkwe nimelipa. Mpiga picha anadai nyongeza kwa kusafisha pua kwenye kompyuta, anahesabu kwa pua. Wifi ameolewa salama na hajaniita kipenzi tena. Baba Kulwa tangu Jumamosi amesema sentensi moja tu: "Bora kile kisima."

Ile myeupe iliyorudi ni 18. Juzi mama lishe wa pale Mwaloni aliniomba miwili, akaitumia kuwashia mkaa, anasema dakika mbili jiko limekolea na hata upepo wa ziwa hauuzimi. Leo ametuma kijana achukue mingine mitano. Kwa hiyo ipo 11 chini ya kitanda, elfu moja moja. Ni ya mkaa, na ni ya nje tu. Mama Rehema, wewe sikuuzii.