Kumuuguza nyumbani si kumtelekeza

Kuna kauli ambayo ndugu wengi huipokea vibaya wodini: "Mgonjwa wenu tunamruhusu, mtaendelea kumuuguza nyumbani." Kama ni kiharusi kilicholemaza upande mmoja, au saratani iliyokwisha kusambaa, kikao cha familia cha jioni hiyo huwa kizito. Mmoja atasema hospitali imeshindwa. Mwingine atataka mgonjwa ahamishiwe kwingine, hata kwa kuuza kiwanja. Majirani nao watauliza kwa nini mtu aliye hoi namna ile amelazwa sebuleni. Shutuma hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika, kwa sababu naona tunailinganisha huduma ya nyumbani na hospitali ambayo wengi wetu hatujawahi kulazwa.

Tuitazame wodi kama ilivyo. Katika hospitali nyingi za umma nchini Tanzania, anayemwogesha mgonjwa asiyejiweza ni ndugu yake. Uji unatoka nyumbani kwenye chupa ya chai, wali kwenye hotpoti, na anayelisha ni ndugu. Ndugu ndiye anayekimbilia duka la dawa kutafuta kilichokosekana, ndiye anayefua shuka, ndiye anayelala kwenye kanga nje ya jengo akingoja muda wa kuona wagonjwa. Muuguzi wa zamu ya usiku ana wodi nzima mikononi: achome sindano, apime presha, abadilishe dripu, aandike faili. Simlaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kazi ya kuuguza familia inaifanya tayari, tena kwa nauli ya kila siku, chakula cha kununua getini na biashara iliyofungwa. Linalobaki kuamuliwa ni kazi hiyo ifanyikie wapi, na nani awe nyuma ya familia ikiifanya.

Sizungumzii mgonjwa anayehitaji oksijeni, upasuaji au damu. Huyo mahali pake ni hospitali, na anayemrudisha nyumbani anamkosea. Nazungumzia wale ambao tiba yao ya hospitali imefika mwisho wake kwa sasa na kilichobaki ni kuuguzwa: aliyepooza, mwenye kidonda cha kisukari kinachosafishwa, mzee aliyevunjika nyonga, mwenye saratani ambaye mionzi haitamsaidia tena. Huyu wa mwisho mara nyingi ametoka mbali. Kwa miaka mingi mtu wa Mwanza aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na hata leo wengi hufika kwenye matibabu ugonjwa ukiwa umeshatapakaa. Kumweka mtu kama huyo miezi kadhaa kwenye kitanda cha mji usio wake, mbali na wanawe, si tiba.

Sasa kuna hesabu ambayo naona inasomwa upande mmoja tu. Wiki ina saa 168. Tuseme muuguzi anakuja nyumbani mara tatu kwa wiki, saa moja kila anapokuja, jambo ambalo familia nyingi zingeliona bahati kubwa. Zinabaki saa 165. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, yaani mara 12 kwa siku, mara 84 kwa wiki. Katika hizo 84, muuguzi atakuwepo labda mara tatu. Mara 81, zikiwamo zote za usiku wa manane, ni za mke, binti, mkwe au dada wa kazi.

Wanaopinga huduma ya nyumbani huishia hapo: mnaona, mzigo wote kaachiwa mama wa watu. Hesabu yao ni sahihi. Lakini niulize, hizo 81 zinafanikiwa au zinaharibika kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya kile kilichofundishwa kwenye zile tatu. Binti aliyeonyeshwa jinsi ya kumgeuza baba yake kwa shuka iliyotandikwa chini ya mgongo, wawili wakivuta kwa pamoja, hamburuzi tena hadi ngozi ikachubuka. Aliyeonyeshwa kuweka mto katikati ya magoti na kuinua visigino visiguse godoro anajua pia pa kukagua kila asubuhi: visigino, nyonga, mfupa wa juu ya makalio. Na ataambiwa jambo ambalo mabango ya hospitali mara nyingi hayasemi, kwamba kwenye ngozi yetu nyeusi ule wekundu wa mwanzo hauonekani kirahisi, hivyo aguse. Sehemu ikiwa ya moto kuliko ilivyo pembeni yake, au imekakamaa, au imebadilika rangi, kidonda kimeanza. Kikikamatwa hapo, kugeuza na kumweka mgonjwa mkavu huenda kukatosha. Kikifunguka, ni wiki au miezi ya kusafisha na kufunga, harufu inayomdhalilisha mgonjwa mbele ya wageni, na pengine maambukizi yanayoingia kwenye damu na kumrudisha wodini kwa gharama kubwa kuliko mwanzo.

Nimekaa sana kwenye vidonda vya kulalia kwa sababu ndivyo vinavyotumika kuthibitisha kwamba nyumbani hapafai. Vinatokea nyumbani, kweli. Vinatokea wodini pia, na chanzo ni kilekile: hakuna aliyemgeuza. Aliyeko nyumbani walau ana mtu mmoja anayemtazama yeye peke yake.

Mengine yanayofanya huduma hii iende ni ya namna hiyohiyo, madogo lakini hayana mbadala. Mgonjwa wa kiharusi alishwe akiwa amekaa wima, kidogokidogo, na akikohoa kila anapomeza familia ijue kwamba chakula kinaweza kuwa kinapita kwenye mapafu. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko wake ukae chini ya usawa wa kibofu, na wote nyumbani wajue kwamba mkojo mchafu unaoambatana na homa si jambo la kusubiri hadi Jumatatu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aoneshe mapema mkono uliolegea unavyonyooshwa, kabla haujakakamaa. Na iwepo namba ya simu inayopokelewa. Familia nyingi hutoka wodini na karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki, basi. Hilo ni kosa la mfumo, na lingeweza kurekebishwa kwa mchana mmoja wa mafunzo kando ya kitanda kabla mgonjwa hajaruhusiwa.

Kwa mwenye saratani, yote hayo hayana thamani kama maumivu hayajatulizwa, na hapa wenzetu wa Uganda wametutangulia. Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa wa namna hii, ilianzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, na msingi wake ulikuwa mofini ya maji: unga wa mofini uliochanganywa, ukawekwa kwenye chupa, ukapelekwa hadi kwa mgonjwa. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi na maafisa tabibu waliopewa mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, kwa hiyo mgonjwa wa kijijini hakulazimika kumngoja daktari. Ratiba yake familia yoyote inaweza kuishika: alfajiri saa kumi na mbili, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku kipimo kikubwa zaidi ili alale hadi kukuche. Na apewe dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, maana mofini hufunga tumbo.

Hali ya dunia ni ya kutia uchungu. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini, ambamo Tanzania ilikuwa bado inahesabiwa, zilipata tani 0.1. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba ni takriban asilimia 14 tu ya wanaohitaji tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, wanaoipata. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba fulani aliteseka sana kwa sababu aliuguzwa nyumbani, nataka kwanza nijue kama dawa ilikuwepo. Bila mofini angeteseka wodini vilevile.

Upande wa pili una hoja ambazo siwezi kuzipita. Nzito kuliko zote ni ya wanawake. Anayeacha genge la mboga, chuo au kazi ya mshahara ili auguze ni binti au mkwe, mara chache sana mtoto wa kiume, na uamuzi huo hufanywa kikaoni bila yeye kuulizwa. Mgongo wake unaharibika, usingizi wake unakatika, na jasho lake haliingii kwenye bajeti yoyote ya afya. Anayesema huduma ya nyumbani ni nafuu aseme ni nafuu kwa nani. Halafu kuna nyumba zenyewe: chumba kimoja cha kupanga Manzese au Buguruni, choo cha wapangaji wote uani, maji ya kununua kwa ndoo. Huko hata ushauri mzuri wa kumweka mgonjwa mkavu unahitaji fedha za pampasi za watu wazima ambazo familia haina.

Hofu nyingine ni kwamba serikali itautumia mpango huu kusukumia familia mzigo wake, na historia yetu inaipa nguvu hofu hiyo. Ukimwi ulipozijaza wodi, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, waliokwenda nyumba kwa nyumba walikuwa watu wa vikundi kama WAMATA, kilichoanza mwaka 1989, watu wa makanisa, na majirani waliojitolea wakiwa na begi la vifaa. Walifanya kazi kubwa kwa posho ndogo, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada mwanzoni mwa mwaka 2025, tuliona jinsi huduma iliyoegemea mkono wa nje inavyoyumba. Kenya tangu Septemba 2023 ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wenye vifaa na posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania ilizindua mpango wake Januari 2024, ikilenga wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Ni hatua ninayoiunga mkono, ila mhudumu wa jamii si muuguzi. Anaweza kuona kidonda na kutoa taarifa, lakini lazima awepo wa kumpa taarifa hiyo.

Kwa wenye uwezo, kampuni za kupeleka wauguzi majumbani zimeongezeka Dar es Salaam na Nairobi. Kabla ya kulipa, familia iombe leseni ya muuguzi mwenyewe, ambayo kwa Tanzania hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na iulize nani anampokea mgonjwa hali ikibadilika usiku. Msaidizi aliyefunzwa kuogesha na kulisha ana kazi yake ya heshima. Kuchoma sindano hakumo.

Sheria ya Tanzania ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetufungulia mlango. Wanaopanga vitita vya mafao waingize ndani yake ziara ya muuguzi nyumbani, mofini ya maji, mpira wa mkojo na vifaa vya kufungia vidonda, kama wanavyolipia siku ya kitanda. Na binti anayebeba zile mara 81 apewe siku za kupumzika, mgonjwa akipokelewa wodini kwa muda ili mwuguzaji naye alale.